Mgeni Kwenye Kitanda Changu

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha mlangoni mwa chumba changu, begi mkononi, nikijaribu ufunguo wangu kwenye kufuli lililoning'inia wazi mlangoni, ambalo si langu. Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nitaeleza kwa kifupi. Hasira yangu haipendi kurudia maneno.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa mwisho. Ninaishi bweni la wanawake, ghorofa ya tatu, katika kile chumba chembamba cha mwisho wa korido chenye kitanda kimoja. Mwaka jana nilimbeba rafiki yangu. Kubeba, kwa lugha ya bweni, ni kumlaza kitandani pako mtu aliyekosa chumba. Mwenye kitanda ni mbebaji, mgeni wake ni mbebwa, na wote wawili hulala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule.

Ni kosa. Mkikamatwa, mbebaji ananyang'anywa kitanda. Mbebwa anaambiwa tu aondoke.

Rafiki huyo tunamwita Sukari, kwa ulimi wake. Likizo ilipofika nilimwachia ufunguo. Likizo ilipoisha, mama yangu akafanyiwa upasuaji, nikabaki nyumbani kumuuguza. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Mimi nilitenda wema nikaenda zangu, nikarudi nikakuta wema umebadilisha kufuli.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Sukari alikuwa amevaa gauni langu la kulalia.

"Jamani! Karibu, mgeni."

"Mgeni nani?"

"Si wewe? Walikufuta, mwenzangu. Asiyeripoti mwanzo wa muhula anafutwa, sheria unaijua kuliko mimi. Kitanda kikabaki wazi, nikakiomba. Nikasema bora nikichukue mimi kuliko mtu baki."

"Nakwenda kwa matroni."

"Nenda." Alijinyoosha kwenye godoro nililolinunua mwenyewe. "Ukifika, mweleze na mwaka jana nilikuwa nalala wapi. Mbebaji akijulikana, hata iwe baada ya mwaka, hapati tena kitanda mpaka anamaliza chuo. Hiyo nayo ni sheria, wakili."

Kweli, ilikuwa sheria. Zote mbili zilikuwa sheria. Nilikuwa nimezisoma.

Nyuma yangu, mlango wa jirani ulifunguka kidogo. Jirani yangu anaitwa Redio, kwa sababu hakuna habari inayompita na hakuna anayoiweka. Alisimama pale na mswaki mdomoni, akasikiliza taarifa yote tangu mwanzo.

"Usinitazame hivyo," Sukari aliniambia. "Mimi sina roho mbaya. Wewe ulinibeba, na mimi nitakubeba. Utalala upande wa ukutani."

Upande wa ukutani ndiko nilikokuwa nikimlaza yeye.

Ndugu wasomaji, sikuwa na ndugu katika mji ule. Bila kitanda nisingefanya mitihani ya mwisho, ningerudi nyumbani kumweleza mama mwenye mshono mbichi kwamba nimeshindwa kwa sababu ya godoro. Niliingia. Nikapanda kitandani. Nikalala nimetazamana na unyayo wa Sukari.

Wapo miongoni mwenu walioshauri nimsamehe. Nimewasikia. Sikuwafuata.

Kila mwaka, wanafunzi wapya wakifika, matroni huwakusanya ukumbini na kuwapa hotuba ileile. Bweni ni shule ya pili, huwaambia. Shirikini. Wajueni majirani zenu. Jifunzeni jengo lenu na watu wake, mtalifaidi. Wengi hupiga miayo. Mimi mwaka wa kwanza niliisikiliza kwa makini, na nikaifanyia kazi. Ninajua kamba ipi ya nguo inapata jua la asubuhi. Ninajua bomba lipi hutoa maji wakati mabomba mengine yamekauka, na ngazi ipi haina mwangwi. Nilijua pia jinsi matroni anavyokagua vyumba, na jinsi ghorofa yetu inavyomkwepa.

Anavyokagua ni hivi. Huwa amefunga funguo zake zote kwa leso ili zisilie anapotembea. Kwa hiyo tulimpa jina la Mama Leso.

Tunavyomkwepa: dirisha la Redio linatazama uwanja. Akimwona Mama Leso anakuja, hutoka koridoni na ndoo yake ya bati na kuigonga kwa kijiko. Ndoo nyingine zote za ghorofa ni za plastiki, hazilii. Ile ya bati inalia hadi bafuni. Papo hapo wabebwa wote hutoka na taulo begani, kana kwamba wanakwenda kuoga. Mama Leso akifika hukuta korido imejaa wanawake wasafi kupindukia.

Redio hagongi ndoo kwa ajili yetu tu. Naye anambeba mdogo wake, anayesomea uuguzi katika chuo kisicho na bweni.

Mbinu yangu ilikuwa fupi. Nilihitaji Mama Leso apande na ndoo isilie. Atukute mimi na Sukari kitandani. Sukari, mbebaji, apoteze kitanda. Mimi, mbebwa, niambiwe niondoke, na hilo halikuwa na uzito, maana nilikuwa tayari sina pangu.

Mwajiuliza, na mimi ningelala wapi baada ya hapo? Sikujali. Kuna njaa ambayo mtu huacha kuihesabu akishaona aliyemnyima chakula naye hali.

Sikuwa na haraka. Niliosha vyombo vyake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akinitazama nikisugua sufuria.

"Pona, mwenyeji."

"Unanichukia, eti?"

"Ningekuwa nakuchukia ningelala mguu nje ya shuka?"

Alicheka. Kisha akasema, "Lakini tuwe waangalifu. Wiki zijazo ukaguzi ni mkali. Tukikamatwa—"

"Tukikamatwa mimi nimepoteza nini? Mbebwa hana cha kupoteza."

Sukari alinitazama. Kisha akaanza kucheka tena, safari hii akashika mbavu, akakaa chini sakafuni, machozi yakamtoka.

"Umesema kweli, shoga," alisema, akijifuta. "Loo! Mbebwa hana cha kupoteza. Hilo nitalikumbuka."

Utani wenyewe haukustahili kicheko kile. Niliona. Nikapita.

Mwalimu wetu wa somo la ushahidi ana msemo mmoja anaouchosha: jambo ambalo hujalihakiki mwenyewe si jambo, ni uvumi. Nilihakiki. Nilimwomba Redio agonge ndoo ya plastiki kwa kijiko koridoni, nami nikasimama bafuni; mlio haukufika. Nilimuuliza mlinzi wa lango fundi bomba huja siku gani. Jumamosi asubuhi, akasema, siku nyingine yuko kwenye madarasa. Na Mama Leso huja naye? Lazima, akasema, yule mama hamwachii mwanamume korido ya wanawake, na akishapanda ngazi hateremki bila kufungua vyumba vyote.

Jumamosi asubuhi ghorofa nzima hulala kama mawe.

Basi Ijumaa nilichukua nywele za bandia za Sukari, zile alizofumua juzi yake na kuzitupa kwenye kona kwa matumaini kwamba mgeni atazoa. Nilizizoa. Nikazisokomeza kwenye tundu la bafu mpaka maji yakasimama kama bwawa. Kisha nikashuka langoni.

"Kaka, bafu letu limeziba. Watu wanaogelea."

"Nitamwambia matroni. Kesho asubuhi."

"Utakuwa umetusaidia sana."

Jioni hiyo Redio alikuwa amefua, na ndoo yake ilikuwa imepinduliwa chini ya kamba za nguo ikikauka. Niliifunika kwa shuka langu, nikapanda nayo ngazi isiyo na mwangwi, nikaisukuma chini ya kitanda, nyuma ya mabegi. Nilichagua mahali kwa hesabu. Ikionekana, itaonekana chumbani mwa Sukari. Kwa hiyo Redio naye atamchukia. Jiwe moja, ndege wawili.

Baadaye mlango ukagongwa.

"Mmeona ndoo yangu?" Redio aliuliza. "Ile ya bati."

"Hapana," nilisema. "Labda wa ghorofa ya pili wameiazima."

"Wale wezi! Nisaidie kutafuta, shoga yangu. Bila ile ndoo mimi silali."

Nilimsaidia kutafuta. Tulizunguka pamoja, tukachungulia bafu zote, tukawauliza watu. Nilikuwa nikimtangulia kushika tochi. Alinishukuru.

"Na yule mdogo wako," nilimuuliza tulipokuwa tunarudi, "Jumamosi huwa zamu hospitali?"

"Jumamosi nyingi, ndiyo. Anaondoka alfajiri."

Jumamosi nyingi. Sikuuliza kuhusu ya kesho yake. Nilijiambia jibu lile linatosha.

Asubuhi niliamka kabla ya Sukari, nikalala macho. Jua lilikuwa limeshafika kwenye pazia. Nilisikia mlango wa ngazi ukifunguliwa, buti za fundi, kimya cha funguo zilizofungwa kwa leso. Kimya kile nilikijua. Kisha mlango wa kwanza, na sauti ya mtu aliyeshtuka. Mlango wa pili. Vilio vidogo. Hakuna aliyegonga kitu.

Mlango wa jirani ulifunguliwa. Nilimsikia Redio akisema, "Mama, nakuomba, Mama, huyu ni mdogo wangu." Sauti nyingine ya kitoto ikisema, "Leo sikuwa na zamu."

Nilijifunika vizuri. Nilijiambia mambo ya Redio nitayashughulikia baadaye.

Kufuli la Sukari lilikuwa la nje tu. Ndani tulikuwa tukirudishia mlango. Mama Leso aliusukuma, akaingia, akalishika shuka kwa vidole viwili kama anayemenya kitunguu, akalivuta.

"Haya. Kitanda kimoja, na kina kichwa kila upande."

Sukari alikurupuka. Mimi niliketi polepole. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama utetezi wa mahakamani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani anambeba nani?"

"Mama, sitakuficha. Mimi ni mbebwa. Sina kitanda katika bweni hili. Mwenye kitanda ni huyu, yeye ndiye anayenibeba. Adhabu yangu ni kuondoka, na niko tayari kuondoka sasa hivi."

Nilimtazama Sukari ili nione uso wake ukianguka. Nilikuwa nimeungojea uso ule kwa siku nyingi, nikiutengeneza usiku kucha nikiwa nimetazamana na unyayo wake.

Haukuanguka. Sukari alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani, kama bibi harusi.

Mama Leso alifungua leso, akazitazama funguo zake, akaifunga tena.

"Mwanangu," aliniambia, "mama yako anaendeleaje?"

"Mama yangu?"

"Aliyepasuliwa. Kaka yako alinipigia simu kabla hamjafungua chuo. Alinisihi kama anayenisihi kwa ajili ya roho ya mtu. Wenzangu ofisini walitaka kitanda chako kigawiwe, maana wenye shida ni wengi. Niligombana nao. Niliwaambia binti huyu hajawahi kufanya kosa hata moja, kitanda chake kitamsubiri."

Nilisikia maji ya bafu yakiporomoka ghafla. Fundi alikuwa amezibua.

"Kitanda hiki ni chako," Mama Leso alisema. "Hakijawahi kuwa cha mtu mwingine."

"Lakini... kufuli."

"Kufuli la nini? Makufuli si mnanunua wenyewe dukani?"

Mwaka wa nne ninasoma sheria. Nilihakiki mlio wa ndoo. Nilihakiki siku za fundi. Jambo moja tu sikulihakiki, nililipokea kutoka kinywani mwa aliyeniibia, nikalijengea nyumba nzima juu yake.

Mama Leso akamgeukia Sukari. "Sema kweli. Huyu ndiye anayekubeba?"

Sukari aliinua uso. Machozi yalikuwa tayari.

"Ndiyo, Mama. Ameniokoa sana dada huyu. Amenibeba tangu mwaka jana, hajawahi kunichoka. Leo ametaka kujitwisha mzigo wangu, anajifanya yeye ndiye mgeni ili nisiadhibiwe. Mama, kosa ni langu. Mimi nitaondoka."

Tangu mwaka jana. Aliyaweka maneno yale mezani kwa upole, kama mtu anayeweka kikombe cha chai.

"Muongo!" nilisema. "Mama, alinifungia nje! Aliniambia nimefutwa! Nimelala chumbani mwangu kama mgeni, nimemfulia, nimemwoshea vyombo!"

"Sasa hivi umeniambia kwa kinywa chako kitanda ni chake."

"Kwa sababu alinidanganya!"

"Na ulipodanganywa ulikuja kuniuliza?"

Sababu ya kutokwenda kumuuliza ilikuwa ni lile kosa la mwaka jana, ambalo Sukari alikuwa ameshalikiri kwa niaba yangu.

Sukari aliinuka kuanza kukusanya nguo zake. Alipopita karibu yangu aliinama sikioni.

"Nilikuambia nitalikumbuka," alinong'ona. "Mbebwa hana cha kupoteza."

Niliwaza kumrukia. Sikumrukia. Nilikuwa na kitu kimoja kilichobaki, na kilikuwa koridoni.

"Mama, nina shahidi."

"Nani?"

"Jirani. Siku niliyorudi alikuwa amesimama mlangoni pake. Alisikia yote. Alisikia huyu akiniambia nimefutwa, kitanda amepewa yeye. Muulize. Kama alinidanganya, basi mwenye kosa si mimi, mimi nimeporwa."

Mama Leso alifikiri. Nilimwona anataka kuamini. Alikuwa amegombana na watu kwa ajili ya kitanda hiki.

"Aitwe," akasema. "Akinithibitishia kwamba ulitolewa chumbani kwa hila, nitalipeleka jambo hili kwenye kamati nikiwa upande wako. Vinginevyo, kabla ya jioni uwe umetoa vitu vyako."

Redio alikuja. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake, kwenye sakafu ya korido, mdogo wake alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, sare ya uuguzi imening'inia mkononi. Yeye na dada yake walikuwa wameshapewa hukumu yao: wote wawili nje.

"Jirani," nilimwambia, "nisaidie. Ulisikia siku ile."

Redio ana domo, lakini hana kinyongo. Alinitazama akavuta pumzi.

"Ndiyo, Mama, nilisikia," alianza. "Nilikuwa napiga mswaki. Huyu alikuja na begi lake, na huyu hapa akamfungulia. Mimi leo nimepoteza changu, sina sababu ya kusema uongo. Ndoo yangu ingekuwepo jana nisingekuwa hapa nalia, lakini walioiba Mungu anawaona. Basi, nilimsikia kabisa huyu akimwambia mwenzake—"

"Samahani, Mama," Sukari alisema. "Natafuta ndala zangu."

Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, nyuma ya mabegi. Hakupapasa. Mkono ulikwenda moja kwa moja.

Alichokitoa hakikuwa ndala.

Ndoo iligonga mguu wa kitanda, ikalia. Ililia vizuri kama kawaida yake, sauti ikatoka mlangoni, ikapita korido yote mpaka bafuni. Hakuna aliyetoka na taulo.

"Ndoo hii ya nani?" Mama Leso aliuliza.

"Yangu," alisema Redio.

"Imefikaje chumbani mwake?"

Mwake. Alikuwa akininyooshea kidole mimi. Chumba kilikuwa changu, na kila kilichokuwamo kilikuwa changu.

Redio aliitazama ndoo. Akageuka, akamtazama mdogo wake juu ya godoro. Nadhani alikuwa anakumbuka ni nani aliyemshikia tochi.

"Endelea, mwanangu," Mama Leso alimwambia. "Ulisema ulimsikia huyu akimwambia mwenzake. Alimwambia nini?"

Sukari alikuwa amesimama na ndoo mkononi, ameishika kwa mikono miwili, tayari kumrudishia mwenyewe.

Redio aliipokea. Akanitazama. Na yule mtu ambaye ghorofa nzima haijawahi kumsikia akinyamaza, alikuwa amenyamaza.